Mayai matatu na kikaango kimoja: kupika mayai kwa mkono wa Jacques Pépin

Kila muhula wa chuo ukianza napata maswali yaleyale kutoka kwa wadogo zangu na rafiki zao walioanza kukaa geto na kujipikia. Mbona omleti yangu inakuwa ngumu? Mbona mayai yanagandia kwenye kikaango? Mbona nikimenya yai la kuchemsha linabanduka pamoja na nyama yake? Mbona kiini kimezungukwa na kijani? Nimejibu sana kwa simu, mmoja mmoja, huku mtu ameshika mwiko mkono mmoja na simu mkono mwingine. Sasa naandika yote mahali pamoja.

Haya niliyoyaandika sikuyatunga mimi. Nimeyapata kwa kumtazama mzee mmoja wa Kifaransa, Jacques Pépin, nikirudia video zake mpaka mkono wangu ukaanza kumwelewa. Alizaliwa Desemba 1935 katika mji wa Bourg-en-Bresse, mashariki mwa Ufaransa. Mama yake, Jeannette, alikuwa na mgahawa, na yeye akaacha shule akiwa na miaka 13 kwenda kujifunza kazi jikoni. Aliwahi kumpikia Charles de Gaulle. Mwaka 1959 akahamia Marekani. Mwaka 1974 ajali mbaya ya gari ikamvunja mifupa mingi, kazi ya kusimama jikoni saa nyingi ikawa ngumu, na hapo ndipo alipogeukia zaidi kufundisha. Watu wanampenda kwa sababu anakuonyesha kazi ya miaka 70 bila kukufanya ujione mjinga. Korona ilipotufungia ndani mwaka 2020, alirekodi video fupi akiwa jikoni kwake Connecticut, akipika vitu vilivyopo kwenye friji yake tu.

Jambo kubwa alilonifundisha ni hili: mayai ni yaleyale matatu, chumvi ni ileile, siagi ni ileile. Ukibadilisha moto na mwendo wa mkono, unapata chakula kingine kabisa. Kwa hiyo usihangaike kutafuta viungo vingi. Hangaika na mkono.

Kabla hujawasha jiko

Weka hivi vyote mezani kwanza. Mayai hayakupi nafasi ya kukimbilia kabatini kutafuta chumvi.

- Mayai. Vipimo vyangu ni vya mayai ya kisasa ya ukubwa wa kawaida. Ukitumia ya kienyeji, ambayo ni madogo, weka manne panapohitajika matatu.
- Kikaango kisichogandisha, cha upana wa sentimita 20 hivi kwa mayai matatu. Kikiwa kikubwa mayai yanatandazika, yanakauka kabla hujafanya lolote. Kikiwa kidogo yanarundikana.
- Sufuria ndogo yenye kitako kizito kidogo, kwa mayai ya kuvuruga.
- Uma, mwiko bapa wa mbao au wa plastiki isiyoyeyuka, bakuli, na kikombe kidogo cha kupasulia.
- Siagi. Nasema siagi ya maziwa, siyo majarini ya kopo tunayopaka kwenye mkate na kuiita siagi. Majarini itakupikia yai, lakini haitakupa ile harufu, na haitakupa ishara za moto nitakazokueleza. Kama bajeti haina siagi, tumia mafuta ya kula na uongeze umakini.
- Chumvi, pilipili manga, na majani mabichi ya vitunguu yaliyokatwa laini.
- Sahani. Iwe karibu na jiko, tayari.

Yachunguze mayai. Yatie kwenye bakuli la maji: lililolala chini ni jipya, linalosimama wima limekaa siku nyingi, linaloelea juu liache. Mayai ambayo hutumii leo usiyaoshe, kwa sababu ganda lina utando wake wa kulilinda na ukiuosha umelifungulia uchafu njia. Futa kwa kitambaa kikavu tu, uoshe siku ya kupika.

Onyo moja la afya, na nalisema kwa uzito. Baadhi ya mapishi ya hapa chini yanaacha yai likiwa laini katikati. Mjamzito, mtoto mdogo, mzee au mgonjwa asile yai la hivyo. Kwake pika mpaka lishike lote.

Kupasua na kupiga

Hapa wengi wanaruka haraka, na hapa ndipo makosa mengi yanapoanzia.

1. Gonga yai kwenye meza, mahali palipo bapa. Usiligonge kwenye ukingo wa bakuli. Ukingo unasukuma vipande vya ganda ndani pamoja na uchafu wa nje. Meza inalipasua bila kulitoboa.
2. Ingiza vidole gumba kwenye ufa, fungua, dondosha yai kwenye kikombe. Litazame, linuse, ndipo ulimimine kwenye bakuli. Siku moja niliona nimeshakuwa mzoefu, nikapasua moja kwa moja bakulini. La nne lilikuwa viza. Mayai matatu mazima yakaenda nalo.
3. Pitisha kidole gumba ndani ya kila nusu ya ganda, ukizungusha. Utaona ute uliobaki unadondoka. Pépin hufanya hivi kwa kila yai, hata akiwa mbele ya kamera, na mara ya kwanza nilidhani ni mazoea tu. Kisha nikajua kwamba alikua wakati wa Vita Kuu ya Pili, mama yake akizunguka mashambani kwa baiskeli kutafuta chakula cha watoto. Mtu aliyelelewa hivyo haachi ute kwenye ganda. Jaribu kwa trei nzima uone kikombe kitakavyokuwa.
4. Tia chumvi kidogo (kiasi cha vidole vitatu kwa mayai matatu) na pilipili manga.
5. Piga kwa uma. Usizungushe kama unakoroga chai. Kata ute kwa kwenda na kurudi, meno ya uma yakigusa chini ya bakuli. Inua uma. Ukiona kamba nyeupe za ute zinaning'inia, bado. Mchanganyiko ukidondoka kama maziwa mazito, wa rangi moja, acha. Hatutaki povu.

Kosa la kawaida: kupiga mayai kisha kuyaacha mezani unapokatakata nyanya na vitunguu. Katakata kwanza, piga mwisho.

Kuyajua maongezi ya siagi

Sitakupa nyuzi joto, maana jiko lako halina namba hizo. Siagi itakwambia yenyewe.

Weka kijiko kimoja cha chakula cha siagi kwenye kikaango, moto wa kati. Kwanza inayeyuka kimya. Halafu inaanza kuimba: sauti ya maji yaliyomo ndani yake yakitoka, na povu jeupe linapanda. Povu likianza kutulia na sauti kupungua, kikaango kiko tayari kwa omleti. Ukingoja zaidi, utaona vidoa vya kahawia na kusikia harufu ya karanga. Hiyo inafaa omleti ya nyumbani yenye rangi (pishi la pili), ila kwa ile laini ya Kifaransa umeshachelewa. Ikigeuka nyeusi, imwage, futa kikaango, anza upya. Siagi iliyoungua hairekebishiki.

Kwa anayetumia jiko la mkaa: huwezi kupunguza moto kwa kuzungusha kitufe, basi kikaango ndicho kinachopanda na kushuka. Kiinue sentimita kadhaa juu ya makaa ukiona mambo yanakwenda kasi. Hata mwenye gesi anatakiwa ajue hili, maana plate ya gesi ikizimwa bado chuma chake kina moto.

Pishi la kwanza: mayai ya kuvuruga

Anza na hili. Ukilimudu, umeshamaliza nusu ya omleti ya Kifaransa bila kujua.

1. Piga mayai manne. Chota vijiko vitatu vya mchanganyiko huo mbichi, viweke pembeni kwenye kikombe.
2. Yeyusha siagi kwenye sufuria ndogo, moto mdogo kuelekea wa kati. Isiimbe kwa nguvu.
3. Mimina mayai. Anza kukoroga mara moja kwa mwiko bapa au mchapo wa waya, ukipita pembeni ambako sufuria inakutana na ukuta wake. Pale pembeni ndipo yanapokauka kwanza.
4. Kwa dakika ya kwanza utadhani hakuna kinachotokea. Usiongeze moto. Ghafla utahisi mwiko unakuwa mzito, na chembe ndogo ndogo zinaonekana.
5. Yakiwa kama uji mzito unaong'aa, ondoa sufuria jikoni. Ondoa kabla hujaridhika. Joto lililobaki kwenye chuma linaendelea kupika.
6. Mimina yale mayai mabichi uliyoweka pembeni, koroga haraka. Yanapoza yaliyopikwa na kuyazuia yasiendelee kukaza, na yenyewe yanaivishwa na joto lililobaki kiasi cha kubaki laini. Kama mlaji hatakiwi kula yai lisiloiva vizuri, usiweke kitu pembeni hatua ya 1. Pika mayai yote mpaka yashike, kisha malizia na kijiko cha malai au maziwa baridi.

Hili la kuweka mayai pembeni nililiona kwa Pépin na sikuliamini mpaka nilipolifanya. Tofauti iko kwenye dakika tano za baadaye: mayai ya kawaida yanazidi kukauka kwenye sahani, haya yanakungoja.

Pishi la pili: omleti ya nyumbani, yenye rangi

Mzee anafundisha omleti mbili kwa mayai yaleyale, moja baada ya nyingine, ili uone kwa macho kwamba tofauti iko mkononi. Hii ya kwanza ndiyo ya mashambani na majumbani: mapande makubwa, ngozi ya rangi ya dhahabu.

1. Piga mayai matatu, tia majani ya vitunguu.
2. Siagi kwenye kikaango, moto wa kati kuelekea mkali. Ngoja povu litulie na rangi ianze kubadilika.
3. Mimina mayai yote kwa mara moja. Yatachemka pembeni papo hapo, na hiyo ndiyo dalili njema.
4. Usikoroge. Vuta ukingo ulioshika kuelekea katikati kwa uma au mwiko, ukiinamisha kikaango ili mayai mabichi yajaze nafasi. Zunguka hivyo mara nne au tano.
5. Juu kukibaki unyevu kidogo tu, acha sekunde 20 hadi 30 bila kugusa, chini kupate rangi.
6. Kunja nusu juu ya nusu, au viringisha, na uitelezeshe kwenye sahani.

Ukitaka kuweka nyanya au uyoga, vikaange peke yake mpaka maji yakauke, kisha uvipange katikati kabla ya kukunja. Nyanya mbichi ndani ya mayai inatoa maji, na maji hayo ndiyo yanayoifanya omleti ichanike. Sisi tuliozoea chipsi mayai tunaona vitu vyote vinamwagwa pamoja, ila pale kuna chipsi za kunyonya maji na kushika mayai. Omleti haina nguzo hiyo.

Pishi la tatu: omleti ya Kifaransa

Sasa tumefika. Hii haina doa la kahawia. Nje ni laini na ya njano tupu kama kitambaa kilichopigwa pasi, ndani kuna mayai ya kuvuruga yenye unyevu. Inatumia chini ya dakika mbili, na jikoni nyingi za Kifaransa bado wanampima mpishi mgeni kwa hiyo. Usitegemee itatoka vizuri leo. Yangu ya kwanza iliyokubali kukunjika ilikuwa baada ya trei moja na nusu, na zote za kabla yake tulizila na chapati.

Soma hatua zote kwanza. Ukishamimina mayai hutapata muda wa kusoma.

1. Mayai matatu, yapigwe vizuri kuliko yale ya mwanzo. Kamba moja ya ute itaonekana kama doa jeupe juu ya omleti.
2. Siagi kwenye kikaango, moto wa kati kuelekea mkali. Povu likianza tu kutulia, kabla ya rangi yoyote, mimina mayai.
3. Hapa mikono miwili inafanya kazi tofauti kwa wakati mmoja. Wa kushoto unatikisa kikaango mbele na nyuma bila kupumzika. Wa kulia unakoroga haraka kwa uma uliolazwa, mgongo wake ukielekea chini, ukivunja kila pande linalojaribu kuwa kubwa. Tunataka chembe ndogo kabisa. Hapa ni mayai ya kuvuruga unayoyajua tayari, kwa kasi kubwa.
4. Baada ya sekunde 20 hadi 40, kutegemea jiko lako, yatakuwa kama uji mzito unaotembea kidogo. Acha kukoroga. Tandaza kwa uma yaenee sawasawa, uzibe matundu. Ngoja sekunde tano hivi ili chini kufanye ngozi nyembamba.
5. Inamisha kikaango kiasi cha nusu wima, mkono wa kushikia ukiwa juu, ili mayai yashuke upande wa mbali. Kwa uma, kunja ukingo wa upande wako kuelekea katikati.
6. Sasa gonga mkono wa kikaango kwa ngumi, karibu na kikaango chenyewe. Gonga taratibu, mara tatu nne. Ukingo wa mbali utaanza kupanda kwenye ukuta wa kikaango na kujikunja wenyewe. Usipopanda, usaidie kwa uma. Kunja ukingo huo kurudi katikati, uukutane na wa kwanza. Bonyeza mahali pa kukutania.
7. Badilisha mkono: shika kikaango kwa kiganja kikitazama juu, vidole chini. Shika sahani kwa mkono wa pili, iinamishe ikutane na ukingo wa kikaango, kisha pindua kikaango juu ya sahani. Omleti inatua kifudifudi, mshono ukiwa chini.
8. Kama imetua imepinda, ifunike kwa kitambaa safi na uikande kwa viganja ipate umbo la ndizi, nene katikati na nyembamba kwenye ncha. Paka siagi kidogo juu ing'ae.

Kuhusu uma: Pépin hutumia uma wa chuma kwenye kikaango kisichogandisha, na watu wengi hushtuka. Yeye anaulaza, meno hayagusi. Mimi nilimuiga kabla mkono haujatulia, nikakichora kikaango kipya mistari ambayo mpaka leo mayai yanagandia. Anza na mwiko wa plastiki au uma wa mbao. Uma wa chuma utaurudia baadaye.

Namna ya kufanya mazoezi bila kuharibu mayai: weka kipande cha mkate au kitambaa kilichokunjwa ndani ya kikaango baridi, fanya hatua ya 6 na 7 mara kumi. Mkono ukishajua kupindua kikaango, hofu inaisha, na hofu ndiyo inayofanya watu wachelewe sekunde zile tano na kuipata omleti iliyokauka.

Pishi la nne: mayai ya mama Jeannette

Hili ni pishi la mama yake, na mwanawe amelipika na kulisimulia maisha yake yote. Ni la watu wenye chakula kidogo: yai la kuchemsha lililojazwa kiini chake chenyewe, kisha likakaangwa.

Kuchemsha kwanza:

1. Mayai sita. Toboa kila moja kwa pini upande ule butu, ambako ndani kuna mfuko wa hewa. Hewa ikipata joto hutanuka. Ikikosa pa kutokea inapasua ganda.
2. Yashushe kwa kijiko kwenye maji yanayochemka, punguza moto yachemke taratibu. Dakika 10.
3. Mwaga maji, kisha tikisa sufuria mayai yagongane mpaka maganda yote yajae nyufa. Jaza maji baridi mno, yenye barafu kama ipo, na uyaache yapoe kabisa.
4. Menya ndani ya maji, ukianzia upande butu. Maji yanaingia chini ya utando na kuuachanisha na ute.

Kisha:

1. Kata kila yai katikati kwa urefu. Toa viini, viponde kwa uma pamoja na punje moja ya kitunguu saumu iliyosagwa, vijiko viwili vya majani ya pasli yaliyokatwa, vijiko viwili vya maziwa, chumvi na pilipili manga. Pasli ukiikosa sokoni, tumia giligilani, yale Wakenya wanayaita dania. Ladha itabadilika, lakini ni tamu.
2. Jaza mchanganyiko kwenye nusu za mayai, ukisawazisha juu. Bakiza vijiko viwili vitatu.
3. Pasha vijiko viwili vya mafuta kwenye kikaango, moto wa kati. Panga mayai upande uliojazwa ukiwa chini. Usiyageuze, usiyasogeze. Dakika mbili hadi tatu, mpaka sehemu iliyojazwa iwe na rangi ya dhahabu.
4. Kwenye ule mchanganyiko uliobakiza, ongeza kijiko kimoja cha haradali, vijiko viwili vidogo vya maji, chumvi kidogo, kisha mafuta ya zeituni robo kikombe polepole huku unakoroga. Utapata rojo nzito.
5. Tandaza rojo kwenye sahani, panga mayai juu yake upande wa dhahabu ukionekana. Yaliwe yakiwa ya vuguvugu, na mkate.

Ukiwa na wageni watano na mayai sita tu, hili ndilo pishi lako.

Yakikwenda kombo

*Mayai yanagandia.* Mara nyingi uliyamimina kikaango kikiwa baridi, au kikaango kimechorwa. Ngoja siagi iimbe. Kikaango chenye michoro kiachie kazi ya vitunguu, tafuta kingine kidogo kwa mayai tu na usikisugue kwa steelwire.

*Omleti ni ngumu, inavutika kama mpira.* Umeipika muda mrefu, siyo kwamba moto ulikuwa mkubwa. Kuna watu wanapunguza moto sana kwa woga, yai linakaa kikaangoni dakika sita, linakauka. Ongeza moto, punguza muda.

*Omleti ya Kifaransa ina madoa ya kahawia.* Siagi iliwahi kubadilika rangi kabla ya mayai, au uliacha kutikisa kikaango. Ukiona inakuzidi kasi, kiinue kutoka kwenye moto na uendelee kukoroga hewani.

*Inachanika nikikunja.* Ama chini hakujafanya ngozi (ongeza sekunde chache hatua ya 4), ama umejaza vitu vingi ndani. Kijiko kimoja kikubwa cha kujazia kinatosha mayai matatu.

*Mayai ya kuvuruga yameachia maji.* Yameiva kupita kiasi. Protini imekaza na kukamua maji yake. Wakati ujao yatoe mapema. Maziwa mengi kwenye mayai mabichi huleta tatizo hilohilo, kwa hiyo acha ile tabia ya kuongeza nusu kikombe ili yaonekane mengi.

*Yai la kuchemsha halimenyeki.* Lilikuwa jipya mno. Yai la leo ute wake umeshikana na utando wa ganda. Likikaa wiki moja linaachia. Ya kuchemsha chagua yale ya zamani kidogo, mapya kabisa yawe ya omleti.

*Kiini kina duara la kijani.* Yamechemka sana au hayakupozwa haraka. Ni madini ya chuma ya kwenye kiini yaliyokutana na salfa ya kwenye ute. Hayana madhara, ila ladha yake ni kavu. Dakika 10, kisha maji baridi.

*Vyombo vinanuka shombo hata baada ya kuosha.* Hili naulizwa kuliko yote, na jibu ni rahisi: uliosha kwa maji ya moto kwanza, ukaupika ute kwenye sahani na katikati ya meno ya uma. Suuza kwa maji baridi kabla ya kitu chochote, halafu sabuni na maji ya moto. Shombo ikibaki, sugua kwa ganda la ndimu uliyokwisha kukamua, acha dakika chache, suuza tena.